Shindwa Mapema: Mwongozo wa Mpishi wa Kisiwani

Hongera kwa kazi, shefu. Umeitwa kisiwani kuwapikia watu wanaolipa kwa dola. Umepewa koti jeupe la vifungo viwili viwili, seti ya visu vipya na meza kumi na mbili zinazotazama maji. Kabla hujapanda boti, sogea nikunong'oneze jambo ambalo aliyekuajiri hatakuambia: utashindwa. Upishi wa Paris hautakubali katikati ya ziwa. Siagi itayeyuka Kemondo, krimu itachacha Mwanza, na majani ya saladi yatakufikia yamelala kama nguo mbichi kwenye beseni.

Usiogope. Wapishi wazuri niliowaona ziwani wote walishindwa, ila walishindwa mwezi wa kwanza, wakiwa bado na nguvu na bajeti ya kufanya kitu kingine. Aliyeng'ang'ania hadi mwaka wa tatu aliondoka na presha.

Kwa hiyo nakupa njia za mkato. Zinafaa Musira, kile kisiwa unachokiona ukisimama ufukweni Bukoba. Zinafaa Bumbire, Ikuza na Goziba huko Muleba, na Rubondo kwa jirani. Ukivuka mpaka ukapikia Ssese kwa Waganda au Mfangano kwa Wakenya, nenda nazo pia, kwani ziwa ni lile lile. Ni njia za kumwendea mgeni kwa ujanja bila kumwibia, na kila moja nimeijaribu kwa mikono yangu.

1. Shindwa kuleta samoni

Piga naye safari uone. Anatoka Norwei, analala Dar es Salaam, anapanda ndege hadi Mwanza, anaingia meli ya usiku, anashuka Bukoba alfajiri, anasubiri boti. Kila mkono unaolipokea lile boksi unainua kifuniko kuangalia kama barafu ipo, na kila kifuniko kikiinuka barafu inapungua. Akifika jikoni kwako nyama yake inaachana yenyewe ukiigusa kwa kidole.

Mwandikie meneja wiki ya kwanza. Usitaje ladha, maana kuhusu ladha mtabishana hadi Krismasi. Taja hasara. Andika kilo zilizoagizwa, kilo zilizotupwa, na fedha. Weka karatasi mezani kwake, ondoka, kaanze kupika kitu kingine kabla hajajibu. Meneja hupenda kuamini kwamba uamuzi ulikuwa wake. Mwachie furaha hiyo.

Na hapa nisikilize vizuri. Siku ziwa limechafuka, usimwambie nahodha avuke kwa sababu ya boksi lako. Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, na huku kwetu ni nyumba chache sana zisizo na jina la kukumbuka siku hiyo. Mgeni anaweza kula bila siagi. Nahodha akisema leo hapana, jibu ni "ndiyo, mzee", na chakula kibadilike.

2. Usimpe mgeni samaki aliyemwacha kwao

Hili nilijifunza kwa aibu. Katika hoteli moja niliyopikia niliamriwa kumwandika sangara kwa jina la samaki wa baharini, jina zuri la kigeni, eti mgeni hamjui sangara. Nikatii. Nikakata mnofu mweupe mnene, nikaugeuza kwenye siagi, nikamwagia sosi ya limau. Mama mmoja wa Kiitaliano, mtu mzima, alikula vipande viwili akalaza uma. Akaniita. Hakukasirika hata kidogo. Aliniambia kwamba samaki huyu anamfahamu; kwao wanamwita persico, humnunua wa barafu siku akiwa na haraka. Kisha akauliza: "Ninyi wenyewe mnamlaje?"

Nilisimama nimeshika sahani. Jibu nilikuwa nalo tangu utotoni, ila kwenye menyu yangu halikuwepo.

Fikiria vizuri jambo hili, maana ndilo litakalokuokoa. Sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila upande na amewala furu wetu wadogo hadi aina nyingi zikapotea. Vikaja viwanda vya minofu kandokando ya ziwa. Mnofu ukaanza kupanda ndege kwenda Ulaya, mabondo, vile vifuko vyake vya hewa, yakaenda China, na sisi tukaachiwa vichwa na migongo, tukayaita mapanki. Sasa mtu wa Ulaya amesafiri kutwa na kucha, amefika kwenye maji yenyewe, nawe unampa ule mnofu anaoukuta dukani mtaani kwake! Hapo hujamdanganya, umemrudisha nyumbani.

Njia ya mkato ni hii: pika sehemu ambayo haipandi ndege.

3. Uza kichwa

Chukua kichwa cha sangara wa kilo saba au nane. Mwambie anayepasua akuachie na ile sehemu ya nyuma ya matamvua, penye mapezi ya mbele, asiikate kwa uchoyo wa kuongeza mnofu. Osha damu yote, paka chumvi na ndimu, kiache nusu saa, kikaushe kwa kitambaa. Kibanike juu ya mkaa uliokwisha kuwa na majivu, upande wa ngozi kwanza, polepole, mpaka ngozi ivimbe na mafuta yaanze kulia motoni.

Sasa chukua kijiko. Chini ya jicho kuna shavu, duara la nyama nene kama kiganja cha mtoto mdogo. Linatoka zima bila kulazimishwa, jeupe, lina utelezi kidogo wa mafuta, na nyuzi zake ni ndefu kuliko za mnofu. Nyuma ya matamvua kuna nyama nyingine yenye mafuta matamu ambayo ukiionja utaelewa kwa nini wazee wetu walinyang'anyana kichwa. Mashavu mawili, sahani ndogo, chumvi ya mawe, pilipili mbichi iliyokatwa nyembamba. Usiongeze kitu.

Mhudumu akiweka sahani aseme sentensi moja tu: "Kila samaki ana mawili." Asieleze zaidi. Mtu hutamani kile ambacho jirani yake wa meza anaweza kukikosa, na hiyo ni habari ya kweli kabisa, huna haja ya kuipamba.

Migongo itie sufuria kubwa na tangawizi na nyanya chungu. Hiyo ni supu ya kesho.

4. Nunua kwa macho, lipa siku hiyo hiyo

Kama uko karibu na Bukoba nenda mwaloni Nyamkazi kabla jua halijatoka ziwani. Angalia matamvua, angalia jicho, bonyeza tumbo, hayo unayajua. Mengine hayafundishwi chuoni. Sangara chini ya sentimita 50 usimguse, na sato chini ya 25 mwache, hata ukipewa kwa bei ya kutupa. Sheria imekataza, na zaidi ya hapo huyo ndiye wa mwakani. Jiko lako linategemea mwakani kuliko hoteli yoyote ya mjini.

Kuna asubuhi utakuta mtumbwi mtupu.

"Shikamoo, tata."

"Marahaba, mwanangu. Leo hatukupata. Upepo."

"Pole na kazi. Basi kesho, waitu."

Ondoka. Usinung'unike, usitaje wageni wangapi wanakusubiri. Mvuvi huyo siku akipata sato wanne wakubwa, bado wanaruka chini ya mtumbwi, atakumbuka nani aliondoka bila kelele. Wanne hao watafika kwako wakiwa hai, na sato aliyekufa ndani ya saa moja hahitaji mpishi hodari. Mkaa, chumvi, ndimu. Kuna usiku wa namna hiyo ambapo kazi yako yote ni kutomharibu samaki.

5. Panga menyu kwa mwezi

Kalenda ya ofisini haina faida jikoni kwako. Angalia mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi ikiwaka, wavuvi hupumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo dagaa wabichi waandike kwenye menyu za giza, na wakati wa mwezi mpevu tumia wakavu.

Usiku wa giza mpange mgeni akae akitazama maji. Atauliza ule mji wenye taa kule mbali ni upi. Mwambie ni watu wapo kazini, na wanachokivua ndicho kilichoko kwenye bakuli lake. Mwache atazame. Sahani inayofuata unaweza kuichelewesha dakika kumi na hakuna atakayelalamika. Tumia dakika hizo kumalizia mchuzi.

Dagaa wakavu nunua waliokauka kwenye chanja, usinunue waliotandazwa mchangani, maana punje moja ya mchanga kwenye jino la mgeni unafuta sahani tano nzuri. Kata vichwa, toa utumbo, ndiko uchungu uliko. Wakaange bila mafuta mpaka wanukie, kisha waloweke na uwachemshe polepole, chuja. Wajapani wana dagaa wao wa baharini wanaowafanyia hivyo hivyo, nao huanza kwa kutoa vichwa, na supu zao nyingi zinasimama juu ya maji hayo. Ya kwetu yana rangi ya chai hafifu, na ukiyatia kwenye maharage au uyoga mgeni ataapa umeweka nyama. Asiyekula nyama mwambie mapema kwamba ni samaki. Ujanja una mpaka wake, na tumbo na imani ya mtu viko nje ya mpaka huo.

Giza hilo hilo lina adui yake. Siku za mwezi mwandamo ndipo vile vijidudu vya ziwani hupanda kwa wingi, wingu zima kama moshi, na vikiona taa vinamiminika kwenye sahani. Tundika taa moja kali hatua sitini kutoka mezani, upande unakoelekea upepo. Mezani weka mishumaa michache ndani ya vioo. Vijidudu vitakwenda kwenye sherehe kubwa na kukuachia ile ndogo, na wageni watasema mwanga wako ni wa kimahaba.

6. Mfiche Mfaransa, mtoe mama

Ndizi ndipo watu wetu wanaposhindwa vibaya, kwa sababu wanaionea haya. Nimeona mpishi mzaliwa wa Muleba akipika viazi vya kusaga vya unga wa pakiti huku nyuma ya jiko migomba imeinama kwa mikungu. Alikuwa na hofu kwamba ebitoke ni chakula cha nyumbani. Ndiyo. Mgeni nyumbani kwake hana.

Nakupa namna nilivyofundishwa na mama yangu kibanjani Kaagya, nawe usipunguze hatua hata moja. Paka mikono mafuta kabla ya kumenya, la sivyo utomvu utakutia weusi wa wiki nzima na utamsalimia mgeni ukiwa na vidole vya fundi magari. Kila ndizi iliyomenywa iingie kwenye maji papo hapo. Chini ya chungu panga vipande vya uti wa jani la mgomba, vikae kama chanja juu ya maji. Majani yenyewe yapitishe juu ya moto mpaka yalegee na kung'aa. Yatabadilika kutoka kijani kikavu kuwa kijani cha mvua, na harufu itakujia mara moja. Funika ndizi kwa majani hayo, kunja kingo ndani, weka kitu kizito juu. Moto wa wastani. Usifunue. Mama alikuwa akiinamisha kichwa kusikiliza chungu. Nilidhani ni mazoea ya uzee mpaka nilipogundua kwamba sauti ya maji hubadilika yakikaribia kuisha.

Usiponde. Wenzetu wa Uganda wanaponda na ni chakula chema, lakini Mhaya anaila ndizi nzima, na uzima huo ndio urembo wako. Ndizi ikiiva vizuri ina rangi ya dhahabu iliyofifia, inashika umbo, na uma unaingia kama kwenye siagi uliyoikosa. Weka mbili sambamba. Juu yake maharage mazito yaliyopikwa kwa maji ya dagaa, na kipande kimoja cha samaki wa moshi. Maharage yaanze mapema kuliko ulivyofundishwa pwani. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na maharage yanajua tofauti.

Fungulia majani mbele ya mgeni. Hapa simama mwenyewe, usimtume mtu. Mvuke ule wa kwanza unapompiga usoni ndiyo sahani yenyewe. Kinachofuata ni kula tu.

Kuhusu jina, liandike "ebitoke". Usiandike "ndizi za Kiafrika kwa mtindo wa" sijui nani. Mgeni atauliza linatamkwaje, atalirudia mara tatu, atarudi kwao akiwafundisha marafiki. Umempa kitu cha kujivunia ambacho hakina uzito kwenye begi.

Jambo moja la kulinda. Mnyauko wa migomba uliripotiwa Muleba mwaka 2006, na wenye vibanja wanajua ulivyofyeka. Visu huusambaza kutoka shina hadi shina. Ukimtuma kijana wa hoteli akakate majani kwenye kibanja cha mtu, kisu kipite motoni kabla ya kila shamba. Majani ya mapambo yako yasije yakaua chakula cha familia.

7. Meneja akibisha, mpeleke Rubondo

Atabisha. Atasema wageni wamezoea vya kwao. Mjibu kwa mfano ulio kwenye maji yale yale.

Kati ya 1966 na 1969, sokwe 17 waliachiwa Rubondo na Shirika la Wanyama la Frankfurt. Walitoka kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya, wamezoea chakula kinacholetwa kwa saa. Hakuna aliyewafundisha msitu. Katika muda mfupi walikuwa wanatafuta matunda ya kisiwani wenyewe na kujijengea viota vya kulalia, na wajukuu wao wapo hadi leo ndani ya hifadhi iliyotangazwa mwaka 1977. Ikiwa sokwe aliyelelewa Ulaya alikubali menyu ya kisiwa, mtalii aliyelipa kuja atakubali, na ataomba kuongezwa.

Mfano huu nimeutumia mara mbili. Mara zote mbili meneja alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza ndizi ni shilingi ngapi mkungu.

8. Senene: usimfiche

Kosa la wapishi waoga ni kumsaga senene, kumchanganya kwenye unga wa mkate, halafu kumwambia mgeni baada ya kula. Huo ni utani wa watoto na mgeni hatakuamini tena kwa lolote. Senene anaonekana, na aonekane.

Msimu wake mkubwa ni Novemba na Desemba, mvua zikikolea; mdogo ni Aprili na Mei. Nje ya hapo utapata wa kukaushwa, nao wanafaa. Wabichi wanyonyoe mabawa na miguu wakiwa wa usiku ule ule. Utaona rangi zao, wengi kijani, wengine kahawia, mara chache mmoja wa zambarau, na watoto wakimpata huyo wanapiga kelele. Tia chumvi na maji kidogo, chemsha mpaka yakauke, kisha acha waanze kujikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Usiwaongezee mafuta. Koroga bila kuacha. Sauti itaanza nzito, iishie nyepesi, kama kokoto ndogo kwenye bati, hapo epua.

Wape kabla ya chakula, kwenye bakuli dogo, vuguvugu, na kinywaji baridi. Usimbembeleze mtu. Weka bakuli katikati ya meza ya watu wanne uondoke. Daima yupo mmoja anayetaka kuonekana shujaa, na akishakula yeye wengine watatu hawawezi kubaki nyuma. Bakuli la pili wataagiza wenyewe, na bakuli la pili lina bei.

Ukiwa na mgeni mwanamke anayetaka kujua zaidi, mwambie ukweli wote: zamani wanawake wa Kihaya waliwakusanya senene, wakawanyonyoa, wakawapika, na waliowala ni wanaume. Bibi yangu aliwapika maisha yake yote. Nampa mgeni mwanamke bakuli la kwanza kila ninapowapika, na sababu ni bibi.

9. Mwanzo na mwisho

Mgeni hukumbuka kilichofungua mlo na kilichofunga. Katikati unaweza kupumua.

Kufungua, Wahaya tulikwishamaliza kazi hiyo kabla Wajerumani hawajafika. Mgeni akiingia nyumbani hupewa kahawa ya kutafuna, akamwani, buni zilizochumwa changa, zikachemshwa na majani yenye harufu, zikakaushwa. Chache tu, kwenye kikapu kidogo, kwa mikono miwili. Wafaransa wanapika kitu cha kumeza mara moja ili kumkaribisha mtu mezani, na wana jina refu kwa hicho kitu. Wewe una kikapu. Mfundishe mhudumu kupiga goti kidogo anapokitoa, kama afanyavyo kwa mkwe, na asiseme "starter".

Kufunga, tumia vanila. Inalimwa hapa hapa Kagera, na bado nimekuta jiko la Bukoba lina chupa ya rangi ya kahawia kutoka nje, matone mawili na sukari. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja. Mkulima asipolichavusha kwa mkono siku hiyo limekwisha. Ganda lake linakaa miezi tisa hivi likikomaa, halafu kuna miezi ya kulichovya maji ya moto, kulianika, kulifunga. Nunua kwa mkulima mwenyewe. Liwe jeusi, laini kama ngozi ya mkanda wa zamani, lizungushike kidoleni bila kukatika. Lipasue, kwangua mbegu, tia kwenye maziwa ya moto na ndizi mbivu zilizookwa na maganda yake. Ganda tupu la vanila usilitupe, lizike kwenye kopo la sukari.

10. Aproni ya pili

Nyuma ya mlango wa jiko tundika aproni safi ambayo haijawahi kuona moto. Ukiitwa mezani, vaa hiyo. Kaa dakika mbili. Uliza wametokea wapi, sikiliza, taja jina la mvuvi kama amekuruhusu, rudi. Mpishi anayekaa dakika kumi anaanza kusifiwa mpaka anaamini.

11. Chungu cha nyuma

Saa nne usiku meza zikiwa zimepungua, wafanyakazi wanakula. Hicho chakula kipike vizuri kuliko vyote. Ndizi na maharage, mgongo wa sangara, pilipili ya kutosha, chungu kimoja, watu kumi wamesimama na bakuli. Onja hapo, maana hapo hakuna anayekusifia kwa sababu amelipa. Mwosha vyombo akinyamaza na kuinama kwenye bakuli, umefaulu. Akisema "Shefu, leo chumvi", amini.

Na kuna usiku mgeni atapita njiani akienda kulala, atasimama mlangoni, atauliza kinachonukia ni nini na kwa nini yeye hakupewa. Usimwonyeshe menyu. Mchotee, mpe kijiko, msogezee kasha la soda akalie. Kesho asubuhi mwambie meneja chungu hicho kinaingia mezani, bei juu ya kamba wa kugandishwa.